Heroini katika Mwambao wa Afrika Mashariki: Inavyofika, Inavyoua na Inavyotibiwa

Dawa za kulevya ni jina la jumla linalokusanya vitu vingi visivyolingana kwa nguvu wala kwa madhara, kuanzia bangi, ambayo ina watumiaji wengi zaidi duniani, na mirungi, ambayo ni halali Kenya na haramu Tanzania, hadi kokeini, methamfetamini na vidonge vya hospitali kama tramadoli na diazepamu vinavyouzwa kwa magendo bila cheti cha daktari. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao milioni 316 duniani walitumia angalau mojawapo ya dawa hizo, bila kuhesabu pombe wala tumbaku, na kwamba takribani milioni 61 kati yao walitumia zile za jamii ya afyuni. Jamii hiyo haiikaribii bangi kwa idadi ya watumiaji, lakini ndiyo inayoua wengi zaidi, na katika mwambao wa Afrika Mashariki, kutoka Lamu na Malindi hadi Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, imejulikana zaidi kwa dawa moja, yaani heroini, ambayo mitaani huitwa unga. Makala haya yanaishughulikia heroini peke yake, kwa kuwa imekaa katika miji ya pwani kwa miongo kadhaa, na hakuna nyingine ambayo tiba yake inajulikana vizuri huku wanaoihitaji wakiendelea kufa bila kuifikia.

Heroini hutokana na afyuni, ambayo ni utomvu unaochuruzika kutoka katika tumba bichi la mpopi baada ya kuchanjwa kwa wembe. Ndani ya utomvu huo mna mofini, dawa ya maumivu ambayo hospitali huitegemea sana kwa mgonjwa wa saratani au aliyeungua vibaya, na mofini hiyo ikichanganywa na kemikali nyingine hugeuka heroini. Mkemia wa Kiingereza, C. R. Alder Wright, aliitengeneza London mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza kama dawa ya kikohozi, ikiaminika kwamba isingewatia watu katika utegemezi kama ilivyofanya mofini. Imani hiyo haikudumu, na katika miongo michache iliyofuata nchi nyingi ziliiondoa katika maduka ya dawa. Tofauti kati ya heroini na mofini ni ndogo kikemia, lakini ina matokeo makubwa: heroini hupenya kwa kasi zaidi kutoka katika damu kuingia katika ubongo, na humo hugeuka tena kuwa mofini, hivyo kwamba anayejidunga hupata kwa sekunde chache kile ambacho mgonjwa wa hospitalini hukipata polepole.

Sehemu kubwa ya heroini inayofika Afrika Mashariki imekuwa ikitoka Afghanistan, ikisafirishwa kwa njia inayoitwa na wachunguzi njia ya kusini. Mzigo huvushwa hadi pwani ya Makran, iliyogawanyika kati ya Iran na Pakistan, hupakiwa katika majahazi ya mbao yanayofanana na mengine yote yanayovua au kufanya biashara katika Bahari ya Hindi, kisha hushuka kusini na kupakuliwa nje ya maji ya nchi husika kwa boti ndogo zinazojua kila kichochoro cha pwani. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata katika jahazi moja, nje ya pwani ya Kenya, kilo 1,032 za heroini, na miezi michache baadaye serikali ya Kenya ikailipua baharini meli iliyokutwa na shehena ya heroini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini katika operesheni zilizofanyika Dar es Salaam na Iringa. Shehena za ukubwa huo hazikusudiwi kumalizikia hapa, kwa kuwa nyingi huendelea kwenda Afrika Kusini, Ulaya na kwingineko. Hata hivyo, mzigo unaopita huacha sehemu yake njiani, kwa sababu mbebaji, mlinzi na mwenye ghala hulipwa wakati mwingine kwa unga wenyewe, nao huutafutia soko mahali walipo. Hivyo ndivyo bandari isiyolima hata mche mmoja wa mpopi inavyojikuta na watumiaji wake, na huo ndio mwanzo wa tatizo la pwani, si udhaifu wa maadili ya vijana wa Mombasa au Unguja kama inavyosemwa mara kwa mara mimbarini.

Katika miaka ya 1980 na sehemu kubwa ya 1990 heroini iliyouzwa katika miji hiyo ilikuwa ya rangi ya kahawia, isiyoyeyuka kwa urahisi katika maji, na watumiaji waliivuta: ama waliichoma juu ya karatasi ya sigara ya rangi ya fedha na kufukuzia moshi wake, ama waliisokota pamoja na bangi na tumbaku katika msokoto mmoja unaojulikana kama kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka katika maji bila kuhitaji tindikali, na kwa muda mfupi kujidunga kukaenea Dar es Salaam, Malindi, Mombasa na Zanzibar. Sababu yake ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko ya kitabia. Anayevuta hupoteza sehemu ya dawa kwa moshi unaopeperuka, ilhali anayejidunga hapotezi kitu, na kwa mtu ambaye kete moja, yaani kijipakiti kidogo cha karatasi au plastiki chenye unga wa kutosha matumizi ya mara moja, humgharimu sehemu kubwa ya pato la siku, tofauti hiyo huamua. Makadirio yaliyokubaliwa Tanzania Bara mwaka 2014 yaliweka idadi ya wanaojidunga kuwa takribani 30,000, na ya Kenya miaka michache kabla ya hapo takribani 18,000, hesabu ambazo haziwagusi wale wengi zaidi wanaovuta.

Ili kuelewa kwa nini mtu huendelea kutumia dawa inayomwangamiza, ni lazima kutazama kinachotendeka ndani ya ubongo. Mwili wa kila binadamu hutengeneza kemikali zake zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu, nazo hufanya kazi kwa kushikamana na sehemu maalumu juu ya chembe za ubongo zinazoitwa vipokezi. Heroini hushikamana na vipokezi hivyohivyo, ila kwa nguvu isiyo na kifani katika hali ya kawaida, na pamoja na kuondoa maumivu humwaga katika ubongo kemikali nyingine, dopamini, ambayo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba jambo fulani lina manufaa na linafaa kurudiwa. Jambo likirudiwa siku baada ya siku, ubongo hujirekebisha kwa kupunguza kemikali zake na kupunguza mwitikio wa vipokezi, na hapo ndipo zinapozaliwa hali mbili: ya kwanza ni ustahimilivu, yaani kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili kupata athari ileile, na ya pili ni utegemezi, yaani mwili kushindwa kufanya kazi vizuri dawa isipokuwamo. Uraibu ni hali inayojengwa juu ya hizo mbili, ambapo mtu hupoteza uwezo wa kujizuia hata anapoyaona madhara kwa macho yake na kuyachukia.

Dawa inapokosekana, mwili uliokwisha kujirekebisha huamka kwa kishindo, na hali hiyo ndiyo watumiaji wanayoiita arosto. Kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho. Dalili za mwanzo ni miayo isiyokwisha, machozi na kamasi, kisha jasho linalofuatana na baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kusokota, kutapika na kuhara, maumivu ya mifupa na misuli, na miguu inayojirusha yenyewe usiku kucha bila usingizi kuja. Hali huwa kali zaidi siku ya pili au ya tatu, na sehemu yake ya kimwili hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kwa mtu mwenye afya njema arosto ya heroini haiui yenyewe, ingawa kutapika na kuhara kusikohudumiwa kunaweza kuua kwa kuumaliza mwili maji. Ukali wake hata hivyo unatosha kueleza mambo mengi ambayo jirani huyahesabu kuwa ni tabia mbaya tu, kwa maana mtumiaji wa miaka mitano hatafuti tena raha, ambayo ilikwisha zamani, bali hutafuta kuamka, kusimama na kwenda kibaruani bila mwili kumgeuka. Wizi wa simu, uuzaji wa vyombo vya nyumbani, kuombaomba stendi na uuzaji wa mwili kwa kiasi kikubwa huendeshwa na saa hiyo ya ndani inayolia kila baada ya saa chache.

Kifo cha moja kwa moja huja kwa njia nyingine. Shina la ubongo, ambalo huongoza upumuaji bila mtu kufikiri, lina vipokezi vilevile, na heroini ikizidi hulilaza: pumzi hupungua hadi chache kwa dakika, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati au kijivu, mboni za macho husinyaa hadi kuwa kama ncha ya pini, mtu hukoroma kwa sauti nzito, kisha huacha kupumua. Hatari huongezeka mara nyingi zaidi dawa ikichanganywa na pombe au diazepamu, ambazo nazo hupunguza pumzi, na ndivyo ilivyo kwa wengi, kwa kuwa vidonge huongezwa makusudi ili kurefusha athari ya kete iliyochanganywa na vitu vingine. Kipindi cha hatari kuliko vyote si kile ambacho mtu anatumia kila siku, bali kile kinachofuata baada ya kukaa bila kutumia. Aliyetoka gerezani, au aliyekaa miezi katika nyumba ya kurekebishia tabia, ameupoteza ustahimilivu wake bila kujua, na akirudia kiasi alichokizoea zamani hukuta kimekuwa cha kuua. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa kutoka gerezani ndizo zenye vifo vingi kupindukia. Familia inayofurahi kumpokea kijana wake akiwa amenenepa na uso umetakata haijui kwamba siku hizo ndizo za kumchunga zaidi.

Ipo dawa inayomrudisha mtu aliyezidiwa. Naloksoni, inayodungwa au kupulizwa puani, huisukuma heroini kutoka katika vipokezi, na ndani ya dakika chache aliyekuwa hapumui huanza kuvuta pumzi. Nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu hivi, pengine kabla heroini haijaisha mwilini, kwa hiyo mgonjwa hutakiwa kuangaliwa na kufikishwa hospitali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ipatikane kwa wale walio karibu na watumiaji, yaani wenzao, ndugu na wafanyakazi wa jamii, si kwa madaktari peke yao, kwa sababu anayekuwapo pale mtu anapozidiwa maskani, yaani mahali watumiaji wanapokutanika, si daktari. Kumwagia maji, kumpiga makofi au kumdunga maji ya chumvi hakumsaidii mtu huyo, bali hupoteza dakika ambazo angeweza kulazwa ubavu, kupuliziwa pumzi mdomoni na kukimbizwa zahanati.

Juu ya hayo yapo magonjwa yanayopita katika damu. Bomba moja la sindano likipita mikononi mwa watu wawili au watatu, damu iliyobaki ndani yake, hata isiyoonekana, hutosha kuhamisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B na C. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kwa miaka mbalimbali ulikuta takribani theluthi moja au zaidi ya wanaojidunga wakiishi na virusi vya UKIMWI, ilhali miongoni mwa watu wazima wote nchini kiwango kwa sasa hakifiki mmoja kati ya 20. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti waliozungumza na wanawake wanaojidunga katika jiji hilo walikuta jambo lililoushtua ulimwengu wa tiba: mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake mwenyewe, akalijaza bomba, kisha humpa mwenzake asiye na fedha ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba heroini iliyomo itamtuliza arosto. Heroini ya kumtuliza haimo, kwa kuwa imekwisha kutawanyika katika lita kadhaa za damu ya mwili mzima, ila virusi vimo kwa wingi. Wanawake hao walifanya hivyo kwa huruma, kila mmoja akijua kwamba kesho huenda akawa yeye ndiye mwenye kuhitaji. Tendo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayesema kwamba mateja, kama wanavyoitwa kwa dharau, hawana utu.

Jinsi serikali na jamii zilivyolikabili tatizo hili ni suala linalostahili kuchunguzwa kwa uangalifu, kwa sababu nia njema imezaa vifo mara nyingi. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015, ikaifanyia marekebisho mwaka 2017, na chini yake msafirishaji wa heroini anaweza kufungwa maisha. Kenya ina sheria ya mwaka 1994, na mwanzoni mwa mwaka 2017 iliwakabidhi kwa Marekani ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa, Baktash na Ibrahim, ambao mahakama ya New York iliwahukumu baadaye vifungo vya miaka 25 na 23. Hatua za namna hiyo dhidi ya wakubwa wa biashara ni za haki na zimechelewa. Wengi wanaojaza magereza, hata hivyo, si wakubwa. Ni watumiaji waliokutwa na kete mbili au tatu, na ni punda, yaani vijana waliomeza au kuficha dawa mwilini ili kuzivusha katika viwanja vya ndege. Kuanzia mwaka 2013 padri John Wotherspoon, aliyekuwa akihudumia wafungwa Hong Kong, aliwasaidia Watanzania na wengineo waliofungwa huko kuchapisha barua zao kwa vijana wa nyumbani wakiwaonya wasikubali kubeba mzigo, na barua hizo zilieleza mateso ya magereza ya ugenini kwa undani ambao tangazo la serikali lisingeweza kuufikia.

Lililotokea katika pwani ya Kenya kuanzia Desemba 2010 hadi Machi 2011 lina funzo kubwa zaidi, ingawa ni wachache wanaolizungumzia siku hizi. Katika miezi hiyo heroini iliadimika ghafla mitaani. Kwa fikra za kawaida hiyo ingekuwa habari njema isiyo na kasoro: dawa haipo, kwa hiyo watu wataacha. Kilichotokea ni kwamba maelfu ya watu waliingia katika arosto kwa wakati mmoja, katika mkoa ambao hospitali zake hazikuwa na methadoni, hazikuwa na vitanda vya kutosha, na wahudumu wake wengi hawakuwa wamefundishwa kumtibu mtu wa aina hiyo. Watafiti waliowahoji watumiaji baadaye waliambiwa jinsi walivyogeukia pombe, vidonge na michanganyiko ya kila namna, jinsi unga uliopatikana ulivyokuwa umechanganywa na vitu visivyojulikana, na jinsi wenzao walivyozidiwa na kufa. Dawa iliporejea sokoni, wengi waliirudia. Kukata ugavi bila kuandaa tiba kulihamisha hatari kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na kipindi hicho ndicho kilichowasukuma viongozi wa afya wa Kenya kuharakisha mipango ya tiba waliyokuwa wakiijadili kwa miaka.

Tukio hilo linapaswa kuwa mbele ya macho hivi sasa, kwa sababu hali ya Afghanistan imebadilika. Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi Aprili 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba eneo lililolimwa lilikuwa limepungua kwa asilimia 95, kutoka hekta 233,000 hadi 10,800. Akiba zilizokuwa ghalani zimepunguza makali ya pengo hilo, lakini iwapo heroini itaadimika tena pwani, kitakachojaza nafasi yake huenda kikawa methamfetamini, ambayo Afghanistan imejifunza kuitengeneza kutokana na mmea wa efedra unaoota wenyewe milimani, au afyuni bandia zinazotengenezwa maabara, ambazo kiasi cha kuua cha baadhi yake ni kidogo kuliko punje ya chumvi.

Katika ngazi ya familia, jibu la kwanza limekuwa kuficha, la pili kupiga, na la tatu kumfungia mtu chumbani hadi arosto imwishe. Wazazi wanaofanya hivyo hufanya kwa uchungu, na mara nyingi wamekwisha kutumia kila walichonacho kwa waganga, maombi na faini za polisi, kwa hiyo hawastahili kulaumiwa na mtu ambaye hajawaonyesha njia nyingine. Kumfungia huondoa dawa mwilini, ila hakurejeshi ubongo katika hali yake ya awali, na mabadiliko yaliyokwisha kutokea huendelea kwa miezi na hata miaka, ndiyo maana tamaa hurejea ghafla mtu anapopita kona aliyonunulia kete au anapomwona rafiki wa zamani. Nyumba za upataji nafuu, zilizoanza Zanzibar mwaka 2009 zikiongozwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, zimewapa maelfu mahali pa kukaa miezi kadhaa, kusikilizwa na kujifunza tena kuamka, kufua na kula kwa wakati. Wapo waliotoka humo na hawakurudi nyuma. Wapo pia, tena wengi, waliorudi, na kwao nyumba hizo peke yake hazikutosha.

Tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko zote kwa uraibu wa heroini ni methadoni, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005 pamoja na buprenofini. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni na hushikamana na vipokezi vilevile, ila humezwa, huingia katika ubongo polepole na hudumu kwa takribani siku nzima, hivyo haileti ile raha ya ghafla na haiachi ile arosto ya ghafla. Mwili unaokaa katika kiwango kimoja kuanzia asubuhi hadi asubuhi humpa mwenyewe nafasi ya kufikiri jambo lingine zaidi ya kete. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya kwanza ya serikali ya namna hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara, zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar mwaka 2015, kisha mikoa mingine, na hadi sasa waliowahi kuandikishwa nchini Tanzania ni zaidi ya 10,000. Kenya ilianza katika miaka ya 2014 na 2015, kwanza Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi na Mombasa.

Utaratibu wa dirisha la kutolea dawa katika kliniki hizo ni uleule karibu kila mahali. Mgonjwa hufika asubuhi na kadi yenye namba yake, mhudumu huulinganisha uso wake na picha, humtazama kama amelewa, maana aliyelewa hapewi, kisha hupima dawa ya maji kwa kiasi kilichoandikwa na daktari. Mgonjwa huinywa palepale, hushushia maji, na hutakiwa kusema neno moja au mawili kabla hajaondoka ili ijulikane kwamba hakuibakiza mdomoni akaiuze nje. Huanza kwa kiasi kidogo, miligramu 15 hadi 30, kinachopandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wanaotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huhitaji kuongezewa, kwa kuwa dawa hiyo hulifanya ini kuimaliza methadoni haraka, na mgonjwa anayelalamika kwamba arosto imemrudia mchana hasemi uongo. Katika jengo hilohilo hupimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini, na faida mojawapo kubwa ya mpango huu ni kwamba mtu ambaye hakuwahi kumeza dawa ya UKIMWI wiki mbili mfululizo sasa hufika hospitali kila siku ya Mungu.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba huko ni kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine, na pingamizi kama hilo lilitolewa na baadhi ya viongozi wa dini wa pwani ya Kenya mwaka 2012 na 2013, mashirika yalipoanza kugawa sindano safi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa wanaoitoa ndio wanaozika. Jibu lake hupatikana katika kulinganisha matokeo. Anayetumia methadoni ana utegemezi wa mwili, kama alivyo na utegemezi wa insulini mgonjwa wa kisukari, lakini akitulia katika tiba, kwa kawaida haibi, hajidungi wala hazidiwi, hulala nyumbani kwake na huweza kushika kazi, na kila nchi iliyoipima tiba hii imekuta kwamba vifo miongoni mwa waliomo ni vichache sana kuliko miongoni mwa walioiacha. Sindano safi nazo hazimfanyi mtu aanze kujidunga, bali humfanya asiambukizwe katika miaka ambayo hajawa tayari kuacha, na wahudumu wanaozigawa ndio mara nyingi wanaomshika mkono hadi dirisha la methadoni. Msikiti au kanisa linalowapokea wahudumu hao, na kumpa aliyeanza tiba kazi hata ya kufagia, huongeza kitu ambacho hospitali haina.

Upungufu mkubwa ulio wazi ni wa umbali. Dawa ya kunywewa dirishani kila siku inamtaka mgonjwa awe na nauli ya kwenda na kurudi siku 365 kwa mwaka, na kwa mtu aliyetoka jana maskani, asiye na kazi, nauli hiyo ni mlima. Anayeishi Chalinze au Kilifi vijijini hukosa siku moja, akakosa ya pili, na ya tatu akajikuta amerudi kijiweni. Kliniki ndogo ndani ya vituo vya afya vya kawaida, na ruhusa kwa waliotulia kubeba dozi za siku kadhaa nyumbani, ni mambo yanayowezekana kitaalamu na yanayotekelezwa katika nchi nyingi. Upungufu wa tiba si wa pwani peke yake: duniani kote, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, ni mtu mmoja tu kati ya 12 wenye matatizo yatokanayo na dawa za kulevya aliyepata tiba ya aina yoyote mwaka 2023.

Wanaokosa zaidi ni wanawake. Katika kliniki za pwani idadi yao ni ndogo sana ikilinganishwa na ya wanaume, na sababu zake zinaonekana mtu akisimama mlangoni tu: foleni ya wanaume watupu, baadhi yao wakiwa wamewahi kuwapiga au kuwauza, saa za asubuhi ambazo mwenye mtoto mchanga hana wa kumwachia, na aibu ambayo kwa mwanamke huwa mara mbili. Mjamzito huogopa zaidi, akidhani atakamatwa au atanyang'anywa mtoto, na mara nyingi huambiwa na watu wenye nia njema kwamba aache kila kitu mara moja kwa ajili ya mimba. Ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa arosto ya ghafla inaweza kuiharibu mimba au kumrudisha mama kwenye sindano, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba aanzishiwe methadoni na aendelee nayo hadi baada ya kujifungua. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za kuachishwa, kama kutetemeka, kulia kwa sauti kali na kunyonya kwa shida, ambazo wauguzi waliofundishwa huzitibu kwa siku au wiki chache. Mama aliyetulia katika dawa yake huruhusiwa, na huhimizwa, kumnyonyesha, iwapo hakuna sababu nyingine ya kumzuia.